Beki Aliyeomba Ubongo Wake Uchunguzwe

Tarehe 17 Februari 2011, katika jengo la ghorofa lililopo ufukweni mwa bahari huko Sunny Isles Beach, jimbo la Florida, Marekani, alikutwa amekufa mwanamume wa miaka 50 aitwaye David Russell Duerson. Alikuwa peke yake, na alikuwa amejiua. Kabla ya hapo alikuwa amemtumia mtalaka wake ujumbe wa simu na kuacha maandishi nyumbani, vyote vikirudia ombi moja: ubongo wake upelekwe kwenye benki ya ubongo ili uchunguzwe. Namna alivyojiua haitaelezwa katika makala haya, kwa kuwa maelezo ya aina hiyo huweza kumdhuru msomaji aliye katika hali dhaifu. Itoshe kusema kwamba aliuacha ubongo wake bila jeraha, na kwamba alikusudia iwe hivyo.

Ombi hilo liliwashangaza waliomfahamu kwa sababu ya kazi aliyokuwa akiifanya. Kwa takriban miaka mitano ya mwisho ya maisha yake, Dave Duerson alikuwa miongoni mwa watu sita waliokaa mezani kuamua ni mchezaji yupi mstaafu wa ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani aliyestahili kulipwa fidia ya ulemavu, wakiwamo waliodai kwamba mchezo ulikuwa umewaharibu akili. Alijulikana kuwa mtu mgumu wa kushawishika. Mara kadhaa alitilia shaka hadharani madai ya kwamba mapigo ya kichwa uwanjani ndiyo yaliyowafikisha wenzake pale walipokuwa. Mtu huyohuyo ndiye aliyewaomba madaktari waufungue ubongo wake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 28 Novemba 1960 katika mji wa Muncie, jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya magari ya General Motors, ambako alitumikia miaka 30. Kijana Duerson hakuwa na kipaji kimoja tu. Shuleni alicheza mpira wa Kimarekani, mpira wa kikapu na besiboli, alipiga tarumbeta, na masomoni alikuwa katika safu ya mbele. Chuo Kikuu cha Notre Dame kilimchukua mwaka 1979. Alikichezea kwa misimu minne, akatajwa mara mbili miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, na mwaka 1983 akahitimu shahada ya uchumi. Jambo hili la shahada si la kupitwa haraka. Katika mchezo ambao vijana wengi, hasa weusi, huingia chuoni kwa nguvu za mwili wao na kutoka bila cheti chochote, Duerson alitoka na elimu iliyomwezesha kusoma mizania ya kampuni.

Mwaka huohuo timu ya Chicago Bears ilimchagua katika awamu ya tatu ya usajili wa wachezaji wapya. Ili kuelewa kilichompata baadaye, yafaa kwanza kuelewa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mpira wa Kimarekani, licha ya jina lake kutaja mguu, ni mchezo wa mikono, mabega na vifua. Timu mbili za watu 11 hukabiliana. Moja husogeza mpira mbele kwa kukimbia nao au kuurusha, na nyingine huzuia. Duerson alikuwa upande wa kuzuia, katika nafasi ya beki wa nyuma. Kwa kawaida beki huyo husimama mbali na msukumano wa mstari wa mbele, akisoma mashambulizi na kuyawahi. Akimfikia mwenye mpira, huwa tayari amekimbia mita kumi au zaidi, na mwenye mpira naye anakimbia kuja upande wake. Miili miwili, kila mmoja wa karibu kilo mia moja, hugongana hivyo mara nyingi katika mchezo mmoja.

Kocha wa ulinzi wa Bears, Buddy Ryan, alikuwa amebuni mfumo uliojulikana kwa namba 46, ambayo ilikuwa namba ya jezi ya Doug Plank, beki aliyemtangulia Duerson na aliyesifika kwa ukali wa migongano yake. Katika mfumo huo watu wanane walisogezwa karibu na mstari wa mbele, na beki wa nafasi ya Duerson akawa mmoja wao, akitumwa mara kwa mara kumvamia mrusha mpira. Mwaka 1985, mwenzake Todd Bell alipogoma kucheza kwa sababu ya mgogoro wa mkataba, Duerson alipata nafasi ya kudumu. Hakuiachia tena. Bears walishinda michezo 15 na kupoteza mmoja tu msimu ule. Katika michezo miwili ya mtoano hawakuruhusu hata pointi moja. Na tarehe 26 Januari 1986, mjini New Orleans, wakaishinda New England Patriots kwa 46 kwa 10 na kutwaa ubingwa wa Super Bowl. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba ulinzi mkali kuliko ule haujaonekana tena.

Msimu uliofuata Duerson aliwaangusha warusha mpira mara saba kabla hawajauachia mpira, idadi ambayo hakuna beki wa nyuma aliyeivuka hadi mwaka 2005. Aliteuliwa katika kikosi cha nyota wa ligi misimu minne mfululizo, kuanzia 1985 hadi 1988. Mwaka 1987 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka kwa huduma zake kwa jamii. Baada ya kuondoka Chicago alijiunga na New York Giants, akashinda ubingwa wa pili mwezi Januari 1991 dhidi ya Buffalo Bills, mchezo ulioamuliwa kwa pointi moja. Alimalizia Arizona, akastaafu mwaka 1993 baada ya misimu 11, huku wastani wa wachezaji wa ligi hiyo ukiwa ni misimu michache tu.

Misimu 11 ya ligi, minne ya chuo, na ile ya sekondari kabla yake. Tabibu anayesoma wasifu huu huanza kuhesabu. Hahesabu vikombe wala mechi, bali mazoezi: kwa siku ngapi za wiki, kwa miezi mingapi ya mwaka, kichwa hiki kiligonga kitu kigumu?

Ubongo wa binadamu ni laini kuliko wengi wanavyodhani. Ukiwa ungali hai unakaribia ulaini wa ugali mwepesi uliopoa, nao huelea ndani ya fuvu ukizungukwa na ugiligili unaoukinga na misukosuko ya kawaida. Kofia ngumu ya mchezaji huzuia fuvu lisivunjike, na kwa kazi hiyo imefaulu sana. Lakini kofia haiwezi kuuzuia ubongo usiendelee na mwendo wake pale fuvu linaposimama ghafla. Hatari zaidi ni kichwa kinapozungushwa kwa kasi, kwa maana hapo sehemu za ubongo zenye uzito tofauti hukokotana, na nyuzi nyembamba za neva zinazozipitia hunyooshwa na kupindwa. Mchezaji akipoteza fahamu au kuyumba, watu husema amepata mtikisiko wa ubongo, na huondolewa uwanjani. Mapigo mengine, yaliyo mengi zaidi, hayaangushi mtu. Mchezaji huona nyota kidogo, hutikisa kichwa, na kurudi mstarini.

Ndani ya nyuzi za neva kuna vijibomba vidogo mno vinavyosafirisha mahitaji ya seli, na protini iitwayo tau ndiyo inayovishikiza visisambaratike. Neva zikiumizwa mara kwa mara, tau huachana na vijibomba hivyo, hubadilika kikemia, kisha hujikusanya kama vifundo vya uzi ndani ya seli. Vifundo hivyo huanzia mahali pa pekee: kwenye vina vya mikunjo ya ubongo, kandokando ya mishipa midogo ya damu, hasa pale ambapo hesabu za kifizikia huonyesha kwamba mkazo wa pigo ni mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi baada ya mtu kuacha mchezo huendelea kuenea, na seli hufa. Ugonjwa huu hujulikana kwa kifupisho cha CTE. Waathirika huweza kuanza na mabadiliko ya hulka, hasira za ghafla, huzuni na maamuzi mabaya. Kumbukumbu hufuata, na mwishoni huja usahaulifu mzito. Kwa bahati mbaya bado hakuna kipimo cha damu wala picha ya mashine inayoweza kuuthibitisha mtu angali hai. Uthibitisho hupatikana chini ya hadubini, baada ya kifo.

Haukuwa ugonjwa mpya. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliotembea na kusema kama walevi ilhali hawajanywa. Hata hivyo mpira wa Kimarekani, mchezo unaotazamwa kuliko mwingine wowote katika nchi hiyo, haukuhusishwa nao mpaka mwaka 2002, alipofariki Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa Pittsburgh Steelers aliyekuwa amefikia hatua ya kulala ndani ya gari lake. Mwili wake ulichunguzwa na Bennet Omalu, mwanapatholojia mzaliwa wa Nigeria aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, kabla ya kwenda kubobea Marekani. Kwa macho ubongo ule ulionekana wa kawaida. Omalu hakuridhika, aliagiza vipande vikatwe na kutiwa rangi maalumu, akaona tau. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, na madaktari waliokuwa katika kamati ya ligi wakaandika kutaka makala hayo yaondolewe jaridani. Kamati hiyo iliundwa mwaka 1994 kuchunguza majeraha ya ubongo, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya baridi yabisi na viungo.

Wakati hayo yakitokea Duerson alikuwa akiishi maisha ya pili, na kwa muda yalikuwa maisha mazuri. Alimiliki mgahawa wa McDonald's, kisha akaingia katika kiwanda cha nyama huko Wisconsin kilichouzia kampuni hiyohiyo soseji, na baadaye akaanzisha kampuni yenye jina lake. Notre Dame ilimweka katika baraza lake la wadhamini. Alikuwa na mke, watoto wanne na nyumba kubwa kaskazini mwa Chicago.

Kisha mambo yakaanza kumponyoka. Mwanzoni mwa mwaka 2005 alishtakiwa kwa kumshambulia mkewe hotelini katika mji wa South Bend, akakiri kosa, akajiuzulu kwenye baraza la wadhamini. Kampuni yake ilianguka mwaka 2006 chini ya mzigo wa madeni. Ndoa ilivunjika, nyumba ikachukuliwa na benki, na mwaka 2010 akaomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika. Alihamia Florida, katika nyumba ambayo familia ilizoea kwenda kupumzika. Waliomzunguka walieleza baadaye kwamba alilalamika kuumwa kichwa, kuona ukungu na kusahau. Mtu aliyezoea kuzungumza mbele ya mabodi alianza kupata taabu ya kuunganisha maneno na kuandika tahajia sahihi.

Je, ni ugonjwa uliovuruga biashara na ndoa, au ni kuanguka kwa biashara na ndoa kulikomtumbukiza katika sonona? Swali hili hulipendeza sana gazeti, lakini tabibu mwangalifu hulijibu nusu tu. Wanaume wengi ambao hawajawahi kuvaa kofia ya mchezo huo hufilisika, huwapiga wake zao na hujiua. Kadhalika wengi waliokutwa na tau ubongoni hawakujiua. Kumvisha marehemu ugonjwa kama kisingizio cha kila alichokosea ni kuukosea heshima ugonjwa wenyewe, na kumkosea aliyesukumwa. Hata hivyo maeneo ya ubongo yanayoathirika mapema katika ugonjwa huu ndiyo yanayompa mtu uwezo wa kujizuia na kupima matokeo ya vitendo vyake. Mambo haya mawili hayana budi kushikwa pamoja, japo hayakai vizuri mkononi. Lililo wazi ni kwamba sonona, iwe imeletwa na nini, hutibika, na kwamba anayewaza kujiua anastahili kuulizwa waziwazi na kupelekwa kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hana.

Ilikuwa katika mwaka huo wa 2006, kampuni ikianguka, ndipo chama cha wachezaji kilipomteua Duerson kuingia katika bodi ya mfuko wa pensheni na ulemavu. Bodi ilikuwa na wajumbe sita, watatu wa chama na watatu wa wamiliki wa timu. Mchezaji mstaafu aliyeomba fidia alipimwa na madaktari walioteuliwa, na jalada lake likafika mezani. Ieleweke kwamba bodi hiyohiyo, mwaka 1999, kabla ya Duerson kuingia, ilikuwa imekubali kwamba ulemavu wa akili wa Mike Webster ulitokana na mchezo. Ubishi uliobaki ulikuwa ni tarehe ulipoanza, kwa maana tarehe ndiyo iliyoamua kiwango cha malipo. Kesi iliendelea hata baada ya Webster kufa, na mahakama ya rufaa ikaipa familia yake ushindi mwezi Desemba 2006. Kwa hiyo taasisi ambayo nje ya milango yake ilikana uhusiano kati ya mchezo na ubongo, ndani ya majalada yake ilikuwa imeukubali miaka saba kabla.

Mwezi Septemba 2007 Duerson alifika mbele ya kamati ya Seneti mjini Washington kuutetea mfumo huo. Nje ya vyumba vya Bunge mwaka ule alirushiana maneno makali na wastaafu waliokiona chama kimewasaliti. Ndani, maseneta walipohoji juu ya usahaulifu unaowapata wachezaji, Duerson alimtolea mfano baba yake mzazi. Mzee huyo, alisema, alikuwa na umri wa miaka 84, ametumia miaka 30 General Motors, naye ana ugonjwa wa Alzheimer. Lakini hakuwahi kucheza mchezo wowote wa kulipwa.

Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Kila siku zahanati hupokea wazee waliopoteza kumbukumbu bila kupigwa na mtu wala mpira, na kosa la kuunganisha tukio la zamani na ugonjwa wa sasa ni la kawaida miongoni mwa wagonjwa na, yafaa kukiri, miongoni mwa madaktari. Upungufu wa hoja ya Duerson ulikuwa mahali pengine. Kwamba njaa huua hakuthibitishi kwamba malaria haiui. Usahaulifu una vyanzo vingi, na vyanzo hivyo huacha nyayo tofauti ndani ya tishu; mwanapatholojia mwenye vipande mkononi hutofautisha tau ya CTE na ile ya Alzheimer kwa mahali ilipojipanga na kwa kuwepo au kutokuwepo kwa utando wa protini nyingine iitwayo amiloidi. Tofauti hiyo haikuweza kuonekana mezani kwa bodi, ambako waombaji walikuwa hai.

Ni vigumu kujua lini Duerson alianza kujishuku. Pengine ni kwa sababu ya kazi yenyewe: aliyasoma majalada, na ndani yake mlikuwa na maneno yaleyale aliyokuwa akiyasema usiku kwa jamaa zake juu ya kichwa chake. Mjumbe wa bodi aliyeomba fidia ya ubongo angekuwa amejihukumu mwenyewe pamoja na kila aliyemkatalia. Hili ni kisio, na halipewi uzito kuliko kisio linavyostahili. Lakini madaktari wanaowatibu madaktari wenzao watalitambua. Mjuzi wa ugonjwa huchelewa kusema kwamba anao.

Ombi lake liliitaja benki ya ubongo kana kwamba ni mali ya ligi. Haikuwa hivyo. Mwaka 2010 ligi ilikuwa imetoa dola milioni moja kuusaidia utafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, na huenda ndiyo asili ya kosa hilo. Benki yenyewe iliendeshwa na chuo hicho kwa kushirikiana na hospitali ya maveterani wa jeshi. Familia ilielewa alichokusudia. Ubongo ulipelekwa kwa Ann McKee, mwanapatholojia wa magonjwa ya neva, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kuona bongo nyingi za wanamichezo.

Kifo hicho kilibadilisha mengi, ingawa si kwa kasi ambayo wafiwa wangependa. Mwaka 2012 familia ya Duerson iliifungulia ligi mashtaka. Maelfu ya wastaafu wengine walikuwa wakifanya vivyo hivyo, na kesi zao nyingi ziliunganishwa. Mapatano ya kwanza ya mwaka 2013 yalikuwa ya dola milioni 765, kisha kikomo hicho kikaondolewa, na mwezi Aprili 2015 jaji akayaidhinisha. Ndani yake mlikuwa na vipengele viwili ambavyo wanataaluma ya tiba wanapaswa kuvijadili darasani. Cha kwanza: fidia ya CTE ililipwa kwa waliokufa kabla ya idhini hiyo tu, wala si kwa watakaokufa baadaye, ilhali ni ugonjwa unaothibitishwa kwa kifo. Cha pili: katika kupima usahaulifu wa walio hai, alama za wachezaji weusi zililinganishwa na kiwango cha chini kuliko cha weupe, kana kwamba walianza maisha wakiwa na akili pungufu, hivyo mweusi alihitaji kuharibika zaidi ndipo ahesabiwe mgonjwa. Utaratibu huo ulitumika hadi mwaka 2021, ulipokubaliwa kuondolewa baada ya wachezaji wawili weusi kwenda mahakamani. Ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya takwimu, na waliousaini walikuwa wasomi.

Mwezi Machi 2016 ofisa wa juu wa ligi alikiri mbele ya wabunge kwamba mchezo una uhusiano na ugonjwa huo. Mwaka uliofuata kundi la Boston lilichapisha matokeo ya bongo 111 za wachezaji wa ligi hiyo. 110 zilikuwa na CTE. Namba hiyo imetangazwa sana na imeeleweka vibaya sana. Familia hutoa ubongo wa marehemu pale zilipokwisha kuona dalili, kwa hiyo haimaanishi kwamba karibu wachezaji wote wanaugua. Yenye manufaa zaidi ni ile ya mwaka 2019: kila mwaka wa kucheza uliongeza uwezekano wa kupata ugonjwa kwa takriban asilimia 30. Idadi ya mitikisiko iliyotambuliwa imeonekana haikuwa kipimo kizuri cha hatari. Muda wa kucheza ndio uliokuwa. Maana yake ni kwamba mapigo madogo yasiyomwangusha mtu, yale ya mazoezi ya Jumanne na Jumatano, ndiyo yanayojumlishwa.

Msomaji anayetazama soka asidhani amepona. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa mabao ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na mchunguzi wa vifo wa Uingereza akaandika kwamba chanzo ni ugonjwa uliotokana na kazi. Mwaka 2014 ubongo wake ulipochunguzwa upya ulikutwa na CTE. Watafiti wa Glasgow walilinganisha wanasoka wa kulipwa wa Scotland na wananchi wa kawaida, wakakuta mwaka 2019 kwamba wanasoka hao walikufa kwa magonjwa ya uharibifu wa neva takriban mara tatu na nusu zaidi. Na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba walioathirika zaidi walikuwa mabeki, ilhali magolikipa hawakutofautiana na wananchi wengine. Magolikipa huudaka mpira.

Matokeo ya ubongo wa Duerson yalitangazwa Boston tarehe 2 Mei 2011, mmoja wa wanawe akiwapo. McKee alieleza kwamba maeneo yanayotawala uamuzi, kujizuia, hisia na kumbukumbu yalikuwa yameathirika vibaya. Ilikuwa CTE bila shaka yoyote. Katika tishu zile, za mtu aliyewaambia maseneta juu ya Alzheimer ya baba yake, hakukuonekana dalili ya ugonjwa mwingine.